Nyota Ipi, Mshairi?

Mshairi mwenzetu mmoja, ambaye jina lake nalisitiri kwa sababu ni rafiki yangu na kwa sababu hayuko peke yake, alitamka barazani maneno ambayo waliokuwapo waliyapokea kwa kuitikia vichwa. Alisema: mshairi si mnajimu. Nyota ni nyota, na kazi yake ni kung'ara. Anayetaka kujua ni nyota ipi na aende akasome falaki, atuachie sisi mashairi yetu. Siku ile nilinyamaza, si kwa adabu bali kwa aibu, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, mbali na hapa, katika kijiji kisichokuwa na bahari, nikajibiwa jibu ambalo mpaka leo sijalimeza. Naomba nafasi katika kurasa hizi nimjibu rafiki yangu, na ndani ya jibu hilo nijijibu na mimi.

Nianze na mashtaka. Fungua diwani yoyote iliyo karibu nawe, ya mzee au ya kijana, ya mjini au ya shamba, uhesabu nyota imetajwa mara ngapi. Kisha jiulize katika kila mahali: ni nyota ipi, imesimama upande gani, ni saa ngapi, ni mwezi gani? Aghalabu hutapata jibu, kwa kuwa mshairi hakutoka nje. Nyota imeingia katika ubeti kwa sababu kina ni "ta", na baada ya pata, leta na matata hapana budi pawe na nyota. Mahbuba ni nyota, kiongozi ni nyota, skuli ni nyota, timu ya mpira ni nyota. Nyota hiyo huwa ya dhahabu kwa kuwa dhahabu ni ghali, au huwa ya fedha kwa kuwa dhahabu imezidisha mizani. Hata methali yetu isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi tunamtupia kila mtoto aliyefaulu mtihani, na hatumwambii aamke alfajiri akaitazame. Angeamka, huenda angeikuta Zuhura, ambayo si nyota hata kidogo bali ni sayari inayong'ara kwa nuru ya kuazima, na hapo pengine angeanza kutuuliza maswali.

Lugha yenyewe imeshuhudia kuanguka kwetu. Thuraya ni jina la kile kishada cha nyota ambacho sisi twakiita Kilimia. Leo ukilitamka neno hilo mjini, mtu huinua macho akatazama dari, maana thuraya ni taa ya vishada ya kutundika ukumbini. Nyota imeshushwa, ikatiwa umeme, ikanunuliwa dukani. Sina ugomvi na taa. Nina ugomvi na mshairi anayeitazama taa akadhani ametazama mbingu.

Kilimia chenyewe, kwa bahati njema, kimesalimika, na tujiulize kwa nini. Kimesalimika kwa sababu jina lake limefungwa na kulima, kama lilivyofungwa huko kusini kwa Wazulu, ambao huziita nyota hizo hizo isiLimela. Na kimesalimika kwa sababu wazee walikiwekea msemo usiochezewa: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Utazame msemo huo vizuri, ndugu msomaji. Una jina la nyota, una mwendo wake, una majira yake, una mashaka na matumaini ya mwenye jembe. Hauna "kung'ara" ndani yake. Aliyeutunga hakuwa na haja ya kutuambia kwamba nyota zina nuru, kwa kuwa alidhani tunalijua hilo.

Sasa niitaje nyota ninayokusudia. Kuanzia Januari mpaka Machi, baada ya Isha, tafuta zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja katikati ya Jauza. Ufuate mstari huo kuelekea kusini mashariki, nao utakufikisha kwenye nyota moja nyeupe, kubwa kwa nuru kuliko nyota zote za usiku. Vitabu vya Wazungu huiita Sirius. Sisi tuna majina mawili ya kuiita. Msikitini ni Shiira, nayo imetajwa kwa jina lake katika Surat Najm, aya ya 49. Wafasiri wanatueleza kwamba watu wa kabila la Khuzaa waliiabudu, ndipo wakakumbushwa kwamba nayo ina Mola wake. Sura hiyo tunaisoma tangu chuoni. Nani kati yetu anayeweza kuinyooshea kidole nyota iliyotajwa ndani yake? Nimewauliza watu kumi na mbili, watatu kati yao walimu, na aliyeweza ni mmoja tu, naye ni mvuvi.

Jina la pili ni la baharini. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliligawa duara la upeo wa macho katika pande 32, na kila upande wakaupa jina la nyota ichomozapo au izamapo. Jaa ni kaskazini na Kutubu ni kusini, na baina yake ziko Farkadi, Naashi, Ayuki, Waki, Simaki, Thuraya, Tairi, Jauza, Tiri, Akrabu, Suheli na nyenginezo. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha mkuu wa karne ya 15, aliyaandika haya kwa urefu katika kitabu chake cha maarifa ya bahari. (Hapa kwetu hutajwa zaidi kwa kile kisa cha kumwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi, kisa ambacho watafiti hawakikubali tena. Mtu aliandika elimu nzima ya bahari, nasi tukamkumbuka kwa safari ambayo huenda hakuisafiri.) Katika dira hiyo Shiira huitwa Tiri, na mahali pake ni kusini kidogo ya mashariki. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa jahazi, hakujua kusoma gazeti, lakini alipotaka kutuambia kwamba safari ni ya Lamu alisema tu: Suheli kisogoni. Hakuna hata mmoja katika wajukuu wake, nami nimo, aliyemuuliza Suheli ni ipi.

Nilikuwa na miaka zaidi ya sitini nilipoulizwa mimi. Mwanangu alikuwa amehamishiwa Dodoma kwa kazi, kama walivyohamishwa wengi tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huko kwa vitendo, nami nikaenda kumtazama katika wiki ya kwanza ya Machi mwaka 2019. Siku moja alinichukua kwenda Buigiri, mashariki ya Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, kwa mwenyeji wake mmoja aliyekuwa na shughuli. Nilikwenda na kiburi cha mtu wa pwani; nikiri kabisa. Nilidhani nakwenda kwa watu wa mtama na ng'ombe ambao mbingu kwao ni mahali pa kutokea mvua tu. Nilisahau kwamba Hukwe Zawose, aliyezifikisha zeze na ilimba za Wagogo katika kumbi za Ulaya, alitoka Ugogo huu huu. Na jengine sikulisahau bali sikulijua: mji wa Unguja na Buigiri viko karibu kabisa na mstari mmoja, nyuzi 6 na kidogo kusini ya ikweta. Tofauti yetu ni ya mashariki na magharibi peke yake. Nyota inayopita juu ya paa langu Mji Mkongwe huenda ikapita juu ya paa la mtu wa Buigiri takriban dakika 13 baadaye, kwa njia ile ile na kwa urefu ule ule. Nahodha angelitambua jambo hili mara moja. Mimi niliyezaliwa na binti wa nahodha nililigundua kwenye ramani, baada ya kurudi.

Buigiri ni mahali penye historia yake katika nchi hii. Hapo ndipo Kanisa la Anglikana lilipofungua mwaka 1950 skuli ya wasioona, ya mwanzo katika Tanganyika. Nyanda hizi za kati ni kavu, maji ni ya taabu, vumbi na nzi ni vingi, na ugonjwa wa vikope umewatesa watu wake muda mrefu. Kongwa, iliyo jirani, ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa zaidi duniani kwa ajili ya maradhi hayo. Mzee niliyekaa naye usiku ule alipofushwa na vikope utotoni, akasoma skulini hapo, akajifunza nukta nundu, na vidole vyake vimesoma zaidi kuliko macho ya wengi wetu. Mwenyeji alinitambulisha kwake kuwa ni mshairi kutoka Zanzibar. Tukasalimiana, yeye kwa Kigogo, Mbukwenyi, mimi kwa Shikamoo. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku tatu, mwezi haukuwako, hewa ilikuwa kavu na safi. Nami nilikuwa na shairi jipya mfukoni, la nyota.

Nililisoma lote, beti tisa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza:

"Maalim, hiyo nyota uliyoiimba, iko wapi sasa hivi?"

Nikanyoosha kidole. Ndiyo, nilinyoosha kidole mbele ya mtu asiyeona, kisha nikabaki na mkono wangu hewani. Akacheka kidogo, akautoa wake.

"Ushike, uuelekeze wewe."

Nikaushika mkono wake, na kwa kuwa shairi langu halikuwa na nyota maalumu, nikachagua iliyokuwa na nuru kubwa kuliko zote. Ilikuwa ni Tiri, ingawa sikuijua. Mkono wa mzee ulisimama karibu wima kabisa, umelalia kusini kidogo tu, maana wakati huo nyota hiyo ilikuwa imebakisha nyuzi kumi na kitu kufika utosini.

"Juu namna hii?" akasema. "Na inakwenda wapi?"

Sikujua. Akaniuliza jina lake, sikulijua. Akaniuliza kama ina joto, nikasema sidhani, nyota zi baridi. Naandika haya kwa kujifedhehesha. Hapo ndipo nikatafuta pa kujificha, nikasema: "Mzee wangu, mshairi si mnajimu."

Akaushusha mkono wake taratibu. "Hata mimi si mnajimu, Maalim. Mimi ni kipofu. Lakini wewe unayeona umekuja mpaka hapa na beti tisa, na ndani yake umeniletea kitu kimoja tu, kung'ara, nacho ndicho kitu pekee nisichoweza kukipokea."

Rafiki yangu wa barazani atasema kwamba hili ni jambo la mtu mmoja, na kwamba hatutungi mashairi kwa ajili ya wasioona peke yao. Ni kweli. Lakini mzee yule hakunionesha upungufu wa macho yake. Alinionesha upungufu wa shairi langu. Ukiliondoa neno kung'ara, hakikubaki kitu. Mtu mwenye macho hufidia umaskini huo bila ya kujitambua: akisikia neno nyota huichota moja kutoka katika kumbukumbu zake akaitia ndani ya ubeti mtupu, kisha humshukuru mshairi kwa zawadi aliyojipa mwenyewe. Asiyeona hana cha kuchota. Kwake shairi husimama na kilichomo tu. Sijui mizani iliyo ya haki kuliko hiyo.

Nini basi ningeweza kumpelekea? Niliporudi nilitafuta, nikauliza wanaojua, nikaona kwamba karibu kila lililo kubwa katika nyota hii halihitaji macho.

Ningempelekea joto. Tunasema nyota hii ni nyeupe, na mtu huona kwamba tumemaliza. Lakini weupe wake si rangi ya kupakwa. Muulize mhunzi: chuma kikitiwa motoni kwanza huwa chekundu, kisha huelekea umanjano, na moto ukizidi huwa cheupe, na kabla ya kukiona umekwisha kuuhisi usoni mwako. Uso wa jua una nyuzijoto karibu 5,500; uso wa Tiri una zaidi ya 9,500. Kwa maana hiyo weupe ni neno la joto kabla ya kuwa neno la nuru, na kipofu aliyewahi kukaa karibu na kiriba cha mhunzi ana haki nalo kama sisi. Na mimi nilimwambia zi baridi!

Ningempelekea umri na kazi. Wanafalaki huiweka nyota hii katika kundi waliloliita mfuatano mkuu, nazo ni nyota zilizo katika umri wa kufanya kazi, zinazoigeuza haidrojeni kuwa heli ndani ya moyo wake na kuishi kwa kazi hiyo. Jua letu limo katika kundi hilo. Waki na Tairi za mabaharia zimo, nazo pia ni nyeupe. Suheli ya babu yangu imekwisha kutoka. Imevimba, ni jitu. Tiri ina uzito wa mara mbili ya jua, na hutoa nuru kama mara 25 ya jua, kwa hivyo hula akiba yake kwa pupa: umri wake ni kama miaka milioni 240 tu, ilhali jua lina miaka milioni 4,600, na bado Tiri ndiyo itakayotangulia kwisha. Mwenye kutafuta sitiari ya mtu aliyejichoma haraka kwa ukarimu, hii hapa, imekaa tayari, wala si lazima iwe na kina cha "ta".

Ningempelekea masafa, kwa kipimo anachokijua kila mtu, yaani umri wa mtoto. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, nayo kutoka Tiri mpaka kwetu huchukua miaka 8.6. Nuru iliyotuangukia usiku ule, mimi na yeye, mmoja akiiona na mmoja asiione, iliondoka huko karibu na mwisho wa Julai mwaka 2010, yaani siku zile zile ambazo sisi Wazanzibari tulipiga kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Msomaji wa visiwani hana haja ya kuelezwa siku zile zilikuwaje, wala yaliyopita baadaye. Nuru ilikuwa njiani muda wote huo.

Na kubwa kuliko yote, ningempelekea habari ya mwenziwe. Mwaka 1844 mwanafalaki Friedrich Bessel alitangaza kwamba Shiira haiendi sawasawa. Hupepesuka kidogo katika mwendo wake kama mtu anayetembea huku ameshikwa mkono na mtu mwengine. Akasema: ina mwenzi asiyeonekana. Hapakuwa na jicho wala darubini iliyokuwa imemwona mwenzi huyo. Alikuja kuonekana mwaka 1862, na Alvan Graham Clark, huko Marekani, alipokuwa akijaribu kioo cha darubini mpya, na Bessel alikuwa amekwisha kufa miaka 16 kabla. Leo twajua kwamba mwenzi huyo ni nyota iliyokwisha kazi yake, maiti nyeupe yenye uzito wa jua zima na ukubwa wa dunia yetu hii, na kwamba wawili hao huzungukana kwa miaka 50. Zamani huyo aliyekufa ndiye aliyekuwa mkubwa. Bessel, basi, aliijua nyota kwa mwendo wa jirani yake. Hiyo ni elimu ya mtu anayemtambua mgeni kwa mlio wa hatua zake uani. Mzee wa Buigiri angemwelewa Bessel kabla yangu.

Nimesikia na hoja nyengine, nayo ni ya vijana: majina haya ya Kiarabu na ya manahodha yamekufa, tusiyafufue, vijana wana programu katika simu zao, wanaielekeza mbinguni nayo inawaambia hii ni Sirius, hii ni Vega. Kwa nini tusiseme Siriasi tukaendelea? Hapa nitakubali nusu. Kiswahili hakijaona haya kupokea neno la mgeni, na Siriasi likitamkwa na mtu aliyeitazama nyota ni bora kuliko Shiira la mtu aliyeikuta katika kamusi. Hata hilo Sirius lenyewe ni neno la Wayunani lenye maana ya kuunguza. Wao waliliweka joto katika jina. Lakini Vega ni nini? Ni Waki yetu hiyo hiyo, iliyochukuliwa kutoka Kiarabu na Wazungu wa zama za kati, ikakatwa mkia, na leo inarudishwa kwetu kama bidhaa ya nje. Nami naona uvivu, wala sioni maendeleo, katika kukikubali kilicho chako kwa bei ya kigeni.

Na majina haya si majina matupu. Waarabu wa kale walisema kuna Shiira mbili, nazo ni ndugu. Mmoja aliuvuka ule mkanda mweupe wa mbinguni, Majarra, akaenda kusini kwa Suheli. Kwa hivyo akaitwa Aburi, mvukaji, naye ndiye Shiira yetu hii. Ndugu yake alibaki ng'ambo ya pili, akalia mpaka macho yake yakaharibika, akaitwa Ghumaisa, mwenye macho yenye tongo. Nendeni mkaitazame: Shiira iko upande mmoja wa mkanda, na ile nyengine, iliyofifia zaidi, iko upande wa pili mpaka leo. Nilipoijua hadithi hiyo nilimpigia simu mwanangu nikamwomba aende akamsimulie mzee. Alikwenda. Akaniletea jibu kwamba mzee alicheka sana, kisha akasema: basi huyo aliyebaki ndiye wa kwetu huku, na huyo aliyevuka mpeni Maalim.

Sikuweza kucheka naye. Nimekuwa nikifikiri kwa miaka hii yote ni nani aliyevuka na ni nani aliyeachwa, na kwa nini sisi tuliozungukwa na bahari tunajiona wenye mbingu, ilhali elimu ya mbingu tuliyoachiwa na babu zetu tumeiacha ianguke majini. Manahodha waliobaki ni wachache na ni wazee. Mji wetu unawaka taa mpaka alfajiri, na kutoka Forodhani ni nyota za kuhesabu zinazoonekana. Na wala Buigiri haitabaki katika giza lake; Chamwino iko jirani, na tangu Ikulu mpya ilipofunguliwa hapo mwezi wa Mei mwaka 2023 majengo na taa zinazidi. Nyota hupotea mara mbili, kwanza jina lake kinywani, kisha yenyewe machoni, nasi washairi, tuliokuwa na wajibu wa kulishika jina, ndio tuliotangulia kulitupa.

Kwa hivyo namrudia rafiki yangu. Mshairi si mnajimu, sawa, hatupigi ramli. Wala si mwalimu wa falaki, sawa. Sitaki beti zenye kilomita. Lakini bibi aliyeimba kisima alijua kina maji ya chumvi au ya baridi, na aliyeimba jahazi alijua foromali ni ipi na demani ni ipi, na kama angekosea angechekwa na watoto wa pwani. Kwa nyota peke yake tumejipa ruhusa ya kutojua, kwa sababu hakuna wa kutucheka. Mimi nimechekwa, na kwa upole, na mtu aliyekuwa ameushikisha mkono wangu mkono wake.

Mwaka huu, mwenye kutaka na afanye hivi. Mwezi wa Julai, katika siku ambazo watu wa Makunduchi wanauoga Mwaka Kogwa, aamke saa moja kabla ya jua atazame mashariki, kusini kidogo. Hiyo nyeupe iliyokwisha kuchomoza ndiyo. Au angoje usiku wa kuukaribisha Januari, mji ukiwa katika makelele yake, saa sita na nusu hivi za usiku, aitazame ikisimama katika kilele chake juu ya Unguja, kisha angoje robo saa kasoro kidogo, na hapo itakuwa imesimama vivyo hivyo juu ya Buigiri.

Lile shairi langu la beti tisa nimelirudisha mezani. Nimelipa jina la Tiri, na neno kung'ara nimeliondoa mahali pote sita lilipokuwa. Mzee amenitumia salamu kwamba likiwa tayari atalichapa katika nukta nundu yeye mwenyewe. Bado sijaupata ubeti wa kwanza. Kina cha "ta" kimenivunjikia.